Mwanamke Aliyesema La Peke Yake

Siku ya Jumatatu, tarehe 8 Desemba 1941, Wamarekani waliamka na hasira isiyo kifani. Jana yake ndege za Japani zilikuwa zimeishambulia bandari ya Pearl Harbor huko Hawaii na kuwaua watu zaidi ya 2,400. Rais Franklin Roosevelt alilihutubia Bunge kwa dakika chache tu, akaomba vita vitangazwe. Seneti iliafiki kwa kura 82, bila hata moja ya kupinga. Katika Baraza la Wawakilishi majina yaliitwa, na wajumbe 388 wakaitika kwamba wanakubali. Mmoja alikataa. Alikuwa mwanamke wa miaka 61 kutoka jimbo la Montana, na jina lake lilikuwa Jeannette Rankin.

Nimekuwa nikimfikiria mama huyu kwa miaka mingi, na sababu yangu si ya kisomi. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Alipelekwa Burma kupigana na Wajapani wale wale ambao Bi. Rankin alikataa kutangaza vita dhidi yao. Babu hakuulizwa kama anataka. Alisimulia kwamba chifu aliitisha baraza, vijana wenye miguu mizuri wakatengwa upande mmoja, na jioni hiyo mama yake akapika ugali ambao hakuna aliyeula. Uingereza ilipoingia vitani tarehe 3 Septemba 1939, Kenya nayo iliburutwa humo kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi. Wa kwanza, Mzee Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka wa 1944, wakati ambapo vijana wetu walikuwa tayari wakikanyaga matope ya bonde la Kabaw. Basi mtu aliyekuwa na kura, na akaitumia kusema la mbele ya ulimwengu mzima, ni mtu nisiyeweza kumpita bila kusimama nikamtazama. Sijasema kwamba alikuwa na haki. Hilo nitalifikia.

Jeannette Rankin alizaliwa tarehe 11 Juni 1880 karibu na mji wa Missoula, wakati ambapo Montana ilikuwa bado haijawa jimbo kamili la Marekani. Baba yake alikuwa seremala na mfugaji, na mama yake alikuwa amefundisha shule kabla ya kuolewa. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na aghalabu kifungua mimba wa kike, huko kama huku kwetu, huwa mama wa pili wa nyumba. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Montana mwaka wa 1902, akajaribu ualimu, akajaribu ushonaji, na kazi zote mbili zikamchosha. Mwaka wa 1908 alikwenda New York kusomea huduma za jamii. Akiwa katika kazi hiyo, miongoni mwa watoto mayatima na akina mama maskini, aliamini kwamba mambo yao hayangebadilika maadamu wanawake hawana kura.

Akajitosa katika harakati za kuidai kura hiyo. Jimbo la Washington liliwapa wanawake haki hiyo mwaka wa 1910, na Montana yake ikafuata mwaka wa 1914, baada ya yeye na wenzake kuzunguka kambi za wachimba migodi na mashamba ya ngano wakihutubia popote palipopatikana watu wa kusikiliza. Miaka miwili baadaye aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi kwa tikiti ya chama cha Republican. Nduguye Wellington, aliyekuwa wakili na mtu wa siasa, ndiye aliyesimamia kampeni. Alishinda. Hivyo mwanamke wa kwanza aliingia katika Bunge la Marekani miaka minne kabla ya katiba ya nchi hiyo kuwahakikishia wanawake wote haki ya kupiga kura. Angeweza kutunga sheria za taifa zima, ilhali wanawake wa majimbo mengi hawakuweza hata kumchagua diwani.

Aliapishwa tarehe 2 Aprili 1917. Jioni ya siku hiyo hiyo Rais Woodrow Wilson alifika mbele ya Bunge kuomba vita dhidi ya Ujerumani. Mama huyu hakupewa hata wiki moja ya kujifunza mlango wa kuingilia na wa kutokea. Wellington alimsihi apige kura ya ndiyo, kwa kuwa aliijua siasa na aliona wazi kwamba kura ya la ingemmaliza dada yake. Baadhi ya viongozi wa wanawake nao walihofu kwamba wapinzani wao wangesema wanawake ni waoga, hawafai kupewa dola. Ulikuwa mzigo usio wa haki. Wanaume waliopinga vita siku ile walihesabiwa kuwa watu wenye maoni yao. Yeye peke yake ndiye aliyehesabiwa kuwa jinsia nzima.

Kura ilipigwa alfajiri ya tarehe 6 Aprili. Jina lake lilipoitwa mara ya kwanza alinyamaza. Mzee mmoja wa Bunge, Joseph Cannon, aliyekuwa Spika zamani, alimwendea na kumshauri asikwepe, kwani alikuwa akiwawakilisha wanawake wa nchi. Alipoitwa mara ya pili alisimama na, kinyume cha desturi ya Bunge, akatoa maelezo mafupi kwamba angependa kuwa upande wa nchi yake lakini hawezi kuviunga mkono vita. Magazeti yaliandika kwamba alilia. Fiorello La Guardia, mjumbe wa New York aliyepiga kura ya kukubali, aliulizwa baadaye kama ni kweli, akajibu kwamba hakuweza kuona kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa machozi. Walipinga wajumbe 50, na waliokubali walikuwa 373. Kati ya wale 50 ni mmoja tu anayekumbukwa.

Mwaka uliofuata alipoteza kiti. Kura ile ilichangia, ingawa haikuwa peke yake. Mnamo Juni 1917 moto ulizuka katika mgodi wa shaba mjini Butte na kuwaua wachimbaji 168, na Bi. Rankin akasimama upande wa wafanyakazi dhidi ya kampuni kubwa iliyokuwa imeishika Montana mkononi. Kisha mipaka ya uchaguzi ikakatwa upya, naye akajikuta katika eneo lisilo la chama chake. Alijaribu Seneti, akashindwa.

Na sasa nafika kwenye miaka 20 ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Marekani ilipoteza watu takriban 116,000 katika vita vile vya kwanza. Wilson alikuwa amewaahidi kwamba dunia ingekuwa mpya, na chombo cha kuilinda kingekuwa Ushirika wa Mataifa, ule uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Seneti iliukataa mkataba wa Versailles mnamo Novemba 1919, na ikaukataa tena Machi 1920. Maseneta kama William Borah wa Idaho walikataa katakata, kwa hoja kwamba hakuna baraza la Geneva litakalowaamuru vijana wa Idaho wakafe wapi. Mwasisi mwenza wa ushirika huo, yaani Marekani yenyewe, hakuingia ndani ya nyumba aliyoichorea ramani.

Watu huiita siasa hiyo kujitenga. Mimi huliona jina hilo kuwa la heshima mno. Marekani haikujitenga na biashara wala na madeni iliyowadai Waingereza na Wafaransa, ambayo iliyafuatilia kama Mhindi wa duka. Haikujitenga na Haiti, ambako askari wake walikaa kuanzia 1915 hadi 1934, wala na Nicaragua, walikotoka mwaka wa 1933. Ilichojitenga nacho ni ahadi. Haikutaka kufungwa na neno lolote ambalo siku moja lingeilazimu kumtetea mtu mwingine. Msomaji asidhani kwamba Wamarekani wa wakati ule walikuwa wajinga au wachoyo kupita wengine. Walikuwa wamezika watoto wao, wakaangalia Ulaya ikigombana upya juu ya mipaka na fidia, wakajiuliza wale vijana walikufa kwa ajili gani. Kisha mwaka wa 1929 uchumi ukaporomoka, na mtu asiye na mkate mezani hana haja ya ramani ya Manchuria.

Bi. Rankin alikuwa ndani ya mkondo huo lakini hakuwa wa aina ya Borah. Mwaka wa 1919 alihudhuria mkutano wa wanawake wa amani mjini Zurich pamoja na Jane Addams, mahali ambapo wanawake wa nchi zilizokuwa zimeuana walikaa meza moja. Hakuuchukia ulimwengu. Alichokichukia ni vita vyenyewe, kama njia ya kumaliza ugomvi. Mwaka wa 1924 alinunua shamba dogo katika jimbo la Georgia, akaishi katika nyumba isiyo na umeme wala mabomba ya maji, akawakusanya majirani zake kuzungumzia amani. Kuanzia 1929 alifanya kazi jijini Washington katika Baraza la Taifa la Kuzuia Vita, akiwaendea wabunge ofisini mwao, mmoja mmoja, kwa miaka 10. Wakati wa kiangazi alirudi Montana, na wakati wa baridi alikuwa Georgia. Mwaka wa 1934 wazalendo fulani wa huko kusini walimwita mkomunisti. Gazeti lililoyachapisha madai hayo alilipeleka mahakamani, likamlipa na kuyakanusha.

Alifanya kazi hiyo katika kipindi ambacho amani ilikuwa kama fasheni. Mnamo Agosti 1928 mataifa 15 yalitia sahihi mjini Paris mkataba wa kuviharamisha vita, uliobuniwa na mawaziri Kellogg wa Marekani na Briand wa Ufaransa. Seneti ya Marekani iliuidhinisha Januari 1929 kwa kura 85 dhidi ya 1. Miongoni mwa waliotia sahihi walikuwamo Ujerumani, Italia na Japani. Mkataba huo haukuwa na askari, mahakama wala adhabu. Bi. Rankin aliuunga mkono kwa moyo wote, na sioni haja ya kumcheka, kwa maana majaji waliowahukumu viongozi wa Ujerumani huko Nuremberg baada ya vita waliutegemea mkataba huo huo.

Lililofuata lilikuwa na meno zaidi. Kuanzia 1934 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Gerald Nye wa North Dakota iliwahoji mashahidi zaidi ya 200 kuhusu faida iliyopatikana katika vita vya kwanza. Wenye viwanda vya baruti, kina du Pont, waliketi kwenye kiti cha mashahidi. Mwenye benki J. P. Morgan naye aliketi. Wananchi wakasadiki kwamba waliingizwa vitani ili matajiri walipwe madeni yao. Kamati haikuthibitisha hilo, ila ilithibitisha kwamba faida zilikuwa kubwa mno, na kwa mtu aliyepoteza mwana hilo lilitosha. Mwezi Agosti 1935 Bunge likapitisha Sheria ya Kutoegemea Upande: vita vikizuka popote, Marekani haitamwuzia silaha yeyote kati ya wapiganaji, awe mchokozi au mchokozwa. Bi. Rankin na wenzake walikuwa wameipigania sheria ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Hapa ndipo ninapogombana naye. Sheria hiyo ilipatiwa kazi yake ya kwanza barani mwetu. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yalivuka mpaka na kuingia Uhabeshi. Siku mbili baadaye Roosevelt alitangaza kwamba silaha haziuzwi kwa upande wowote. Kwa karatasi ulikuwa usawa mtupu. Lakini Italia ilikuwa na viwanda vya bunduki, ndege na gesi ya sumu. Mfalme Haile Selassie hakuwa na kiwanda cha hata kimoja cha vitu hivyo. Ukimfunga mikono mwenye panga na asiye nalo kwa kamba moja, baada ya mwenye panga kwisha kulichomoa, umemsaidia nani? Tena sheria haikugusa mafuta ya petroli. Rais aliwaomba wafanyabiashara wajizuie kwa hiari, na mafuta ya Marekani yaliyokwenda Italia miezi ile yakazidi badala ya kupungua. Uingereza na Ufaransa, zilizokuwa wanachama wa Ushirika wa Mataifa, nazo hazikufanya la maana. Mnamo Mei 1936 Mfalme alikimbia nchi yake. Wahabeshi wengi walitoroka wakaingia Kenya, na serikali ya kikoloni ikawaweka kambini Isiolo. Wazee wa kaskazini waliowaona wakija kwa miguu hawakuwahi kusikia juu ya kamati ya Seneta Nye.

Sidai kwamba Bi. Rankin aliyataka hayo. Nadhani aliamini kwa dhati kwamba kila bunduki isiyouzwa ni maisha yaliyookolewa. Ila mtu anayejitenga na ugomvi wa jirani hawezi kudai kwamba hakuugusa. Kufunga mlango nako ni tendo, na aliyeko nje huusikia ukifungwa. Januari 1937 katazo la silaha lilipanuliwa hadi Hispania, kuinyima serikali iliyochaguliwa silaha ambazo waasi walizipata kwa Hitler na Mussolini. Katika Baraza la Wawakilishi alipinga mtu mmoja tu, John Bernard wa Minnesota. Nimemtaja kwa sababu historia haikumjengea sanamu, ingawa la yake ilikuwa na hoja nzito kuliko la nyingi.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo linanivutia zaidi, na ambalo Bi. Rankin alilipenda sana. Mjumbe mmoja wa Indiana, Louis Ludlow, alipendekeza katiba ibadilishwe ili Bunge lisiweze kutangaza vita ng'ambo mpaka wananchi wapige kura ya maoni, isipokuwa nchi inaposhambuliwa. Tarehe 10 Januari 1938 Baraza la Wawakilishi liliamua, kwa kura 209 dhidi ya 188, kwamba hoja hiyo isijadiliwe hata. Roosevelt alikuwa ameipinga kwa barua, akisema ingemfunga mikono rais yeyote. Yamkini alisema kweli. Hitler asingengoja masanduku ya kura yahesabiwe. Lakini kila nisomapo zile tarakimu namkumbuka babu na lile baraza la chifu. Wajumbe 188 wa nchi yenye nguvu waliona kwamba anayekwenda kufa anastahili kuulizwa. Sisi tumefika kwenye Katiba ya 2010 ndipo tukaandika kwamba majeshi yetu yasipelekwe nje bila idhini ya Bunge.

Mwaka wa 1940, Ulaya ikiwa tayari inaungua, Bi. Rankin alirudi Montana kugombea tena. Katika mchujo wa chama alimshinda mjumbe aliyekuwapo, Jacob Thorkelson, mtu aliyejulikana kwa chuki yake dhidi ya Wayahudi. Naona ni vyema kulitaja hilo, kwa sababu kambi ya kujitenga ilikuwa na wageni wa kila namna. Charles Lindbergh, rubani shujaa wa 1927, aliizungukia nchi akiihutubia kwa niaba ya kamati ya America First, na Septemba 1941 mjini Des Moines akawashutumu Waingereza, Wayahudi na serikali ya Roosevelt kwamba wao ndio wanaoisukuma nchi vitani. Hotuba ile iliichafua kamati nzima. Bi. Rankin hakuwa mtu wa maneno hayo. Aliwatembelea wanafunzi shuleni Montana, akawaomba waandikie wabunge na rais.

Bungeni aliipinga sheria ya kuikopesha Uingereza silaha, iliyopita Machi 1941, na akajaribu bila mafanikio kuingiza humo sharti kwamba hakuna askari atakayepelekwa ng'ambo bila idhini ya Bunge. Nchi ilikuwa imegawanyika kweli kweli. Agosti mwaka huo muda wa vijana walioandikishwa jeshini kwa lazima uliongezwa kwa kura 203 dhidi ya 202. Miezi minne tu kabla ya Pearl Harbor, jeshi la Marekani lilinusurika kwa kura moja.

Mabomu yalipoanguka, mgawanyiko ule uliyeyuka kwa usiku mmoja. Bi. Rankin alikuwa safarini kwenda Detroit kuhutubia. Habari zilimfikia njiani, akashuka Pittsburgh na kurudi Washington. Ndani ya ukumbi alijaribu mara kadhaa kusimama azungumze. Spika Sam Rayburn hakumpa nafasi. Wenzake, akiwamo Everett Dirksen wa Illinois, walimsihi abadili kura yake, au angalau asiipige. Jina lilipoitwa alisema kwamba kama mwanamke yeye hawezi kwenda vitani, na anakataa kumpeleka mtu mwingine. Walimzomea. Alipotoka watu walimzingira, akajificha ndani ya kibanda cha simu hadi polisi wa Bunge walipokuja kumsindikiza ofisini kwake. Nduguye Wellington alimjulisha kwamba Montana nzima ilikuwa dhidi yake. Siku tatu baadaye, vita dhidi ya Ujerumani na Italia vilipopigiwa kura, aliitika tu kwamba yupo, hakukubali wala kukataa.

Je, alikosea? Nikiitazama kura kwa kura, naona kwamba alikosea. Japani ilikuwa imeishambulia nchi yake, ilikuwa imeiteketeza Nanking miaka minne nyuma, na Kellogg wala Briand hangeizuia. Hata baadaye, Desemba 1942, alipoweka katika kumbukumbu za Bunge hoja kwamba Roosevelt aliichokoza Japani kwa makusudi kwa kuinyima mafuta na biashara, aliutegemea ushahidi mwembamba. Kwamba vikwazo vya 1941 viliibana Japani ni kweli. Kwamba Japani haikuwa na njia nyingine ila kuua, hilo silikubali, na naamini hata askari wa China wasingelikubali.

Lakini nikigeuka upande wa pili siwezi kumtupa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 waliangamia, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa ametangulia kwa meli nyingine. Kati ya vijana wale waliozama hakuna aliyepigiwa kura na yeyote, la ya peke yake wala ndiyo ya wengi. Natamani angalau mtu mmoja, katika ukumbi wowote duniani, angesita kabla ya kuwatia melini. Bi. Rankin alisita kwa niaba ya vijana wa Montana. Vijana wa kwetu hawakuwa na wa kusita kwa niaba yao.

Hakugombea tena mwaka wa 1942. Alirudi kwenye mashamba yake, na kuanzia 1946 alianza kusafiri kwenda India kujifunza njia ya Mahatma Gandhi, safari saba kwa jumla, ingawa hakubahatika kuonana na Gandhi mwenyewe kabla ya kuuawa kwake Januari 1948. Vita vya Vietnam vilimtoa tena shambani. Tarehe 15 Januari 1968, akiwa na miaka 87, aliwaongoza wanawake takriban 5,000 kuelekea Bungeni Washington, na alitafakari kugombea kiti kwa mara nyingine. Safari hii hakuzomewa. Alifariki tarehe 18 Mei 1973 huko California, akiwa na umri wa miaka 92. Mali aliyoiacha ilianzishiwa mfuko wa kuwasomesha wanawake wasiojiweza, na tangu 1985 sanamu yake imesimama ndani ya jengo lile lile la Bunge ambamo alijifichia katika kibanda cha simu.

Nilimsimulia babu habari za mama huyu miaka michache kabla hajafariki. Tulikuwa chini ya mwembe, na kikohozi alichorudi nacho kutoka Burma kilikuwa kikimsumbua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama yule mama alifungwa. Nikamwambia la, polisi walimsindikiza ofisini, akamaliza muda wake, akaenda kulima. Akauliza alikuwa na ekari ngapi. Nikamwambia za Georgia zilikuwa 64. Alinyamaza kitambo kirefu, akahesabu kitu kwa vidole vyake, akaniagiza nikamwambie bibi alete chai.